Pesa Moja kwa Kila Kidaka

Tangu nirudishe bunda la funguo za nyumba za wakfu, mkono wangu wa kulia haujui pa kukaa. Miaka yote nilizoea uzito wa chuma kila nikitoka, na sasa nikipita vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, au Lamu kama waitavyo wageni, mwili unainama upande, kama punda aliyeshushwa mzigo wa upande mmoja. Nyumbani nako nagonga kuta kwa bakora kusikiliza mchwa, hadi mke wangu amechoka. "Omari," akaniambia, "kama huna kazi, andika." Haya, naandika. Nawaandikia ninyi makarani wapya mliokuja na kalamu nzuri na viatu vinavyolia. Juzi mmoja wenu alisimama mlangoni kwa watu na kabla hata ya salamu akauliza, "Kodi iko wapi?" Nilimsikia nikiwa natoka msikitini, na nusura nirudi kutawadha upya.

Ya cheo na mshahara sitayataja. Cheo nilichoanza nacho ndicho nilichorudisha pamoja na funguo, na mshahara aliujua zaidi mke wangu.

Kazi nilifunzwa na Bwana Abudi, mkusanyaji wa kabla yangu, mzee mwembamba mwenye sikio moja zito, na la pili likiwa zito zaidi kila alipotaka. Siku ya kwanza nilitoka na daftari kwapani. Akaniambia nikaliweke. "Hilo waonyeshe wa ofisini. Wapangaji waonyeshe uso." Tukaenda nyumba ya kwanza. Akapiga hodi, akaketi kwenye baraza ya daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, mgongo ameupa mlango, uso ameupa njia, ili wanawake wa ndani waje nyuma ya mlango waseme nasi bila ya kuonekana. Akauliza hali ya mama, ya watoto, ya jino la bibi mmoja lililokuwa likimsumbua tangu Ramadhani. Tukaletewa kahawa. Tukanywa. Nikangoja aiulize kodi, wapi! Akainuka, akaaga, na palepale mkono ukatoka mlangoni na nusu rupia ndani ya kitambaa. Nilishangaa mno. "Mtu akijua umekuja kwa lipi," Bwana Abudi akaniambia, "ukimtajia unamtukana."

Na hiyo nusu rupia ilikuwa na sababu yake. Nyumba zetu zote ziliachwa na bibi mmoja tajiri wa zamani, asiye na mtoto wala wa kumrithi, akaziweka wakfu. Hati yake ilisema wakae maskini wa mji, na kodi isizidi gharama ya chokaa na boriti za kuzitengeneza. Basi. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa nusu kukusanya na nusu kuganga. Bwana Abudi alinifunza kugonga boriti na kusikiliza: ikilia kavu ni nzima, ikijibu kwa sauti ya tumbo la mtu aliyeshiba, iondoe kabla haijakuondoa wewe. Ukiona unga mwembamba sakafuni asubuhi, usilaumu mpishi, tazama juu. Na chokaa usiikubali mpaka uione imelala majini siku za kutosha, maana fundi mwenye haraka atakupaka ukuta leo na kesho utaufagia.

Bwana Abudi alipofariki nilibaki peke yangu na funguo, na kwa miaka kadhaa mambo yakaenda. Kisha ikaja vita ya Mjerumani. Hatukuiona kwa macho, lakini ilitufikia kwa njia ya mchele. Nguo ikapanda, mafuta yakapanda, hata chokaa, ambayo ni matumbawe yetu wenyewe tunayoyachoma kwa kuni zetu wenyewe, nayo ikapanda, sijui ilipata wapi habari za vita. Nusu rupia haikutosha tena kununua boriti mbili. Nyumba zikaanza kuanguka kidogo kidogo. Ndipo ofisi ikamtuma Bwana Mkaguzi kutoka Mombasa kuja kutazama kodi zipandishwe vipi.

Alikuwa mtu wa heshima, mswalihina, kanzu yake imepigwa pasi hadi ungeweza kujikata nayo. Nilimkaribisha barazani kwangu. Sasa hapa, wanangu, nakiri kosa langu, na sikumtajia mtu kosa hili kwa muda mrefu. Bwana Mkaguzi aliniuliza, "Karani, nitajuaje nyumba kubwa ya heshima na nyumba ndogo? Siwezi kutoza zote sawa." Mimi nilikuwa nimeshiba halua, na mgeni wa Mombasa alikuwa ananisikiliza, jambo ambalo halitokei kila siku. Nikajinyoosha. Nikasema, "Bwana, nyumba ya Mkomani heshima yake ni zidaka."

Kwa msiojua, kidaka ni kile kishubaka kinachochongwa ndani ya ukuta kwa chokaa. Chumba cha ndani kabisa, chumba cha wanawake, ukuta mzima huwa vidaka tangu juu hadi chini, safu kwa safu, vya kuwekea sahani na bakuli na mapambo. Sisi kwa kwetu twasema zidaka. Nikamweleza yote hayo, na nikaongeza kwamba mtu wa nasaba hahesabu mali yake, huhesabu zidaka zake. Maneno haya sikuyasikia kwa mtu, niliyatunga palepale. Yeye akayaandika.

Akarudi Mombasa. Haukupita muda ikaja barua: tangu mwezi ujao, kila nyumba ya wakfu italipa nusu rupia yake ya zamani, na juu yake pesa moja kwa kila kidaka. Asiyelipa miezi miwili, atoke. Nihesabu vidaka vyote nipeleke jumla.

Nikaisoma barua ile mara tatu. Maana nilijua jambo ambalo Bwana Mkaguzi hakulijua, na ambalo mimi mpumbavu sikulifikiri nilipokuwa natafuna halua. Nyumba zenye vidaka vingi ndizo nyumba za kale. Za kale ndizo zilizooza. Zilizooza ndizo tulizowapa maskini zaidi. Tajiri siku hizi anajenga ghorofa la kutazama bahari, ukuta mtupu, na kabati ya kununua. Kwa hesabu ile, aliye na paa bovu kuliko wote Mkomani ndiye angelipa kodi kubwa kuliko wote.

Na mtu huyo alikuwa Bi Subira.

Bi Subira alikuwa msuka ukili wa mikeka, mwanamke wa makamo ya juu, mfupi, mwenye sauti ya kuweza kumwita mtu aliye Mokowe, ng'ambo ya maji, bila ya kupanda jahazi. Alikaa katika nyumba ya bibi mwenyewe, yule mwenye wakfu. Nusu ya paa ilikuwa imekwisha anguka, na mvua ikinyesha alihamia na mikeka yake mlangoni. Lakini ukuta wa ndani, subhanallah! Ulisimama mzima na vidaka vyake vyote. Alikuwa mjakazi wa nyumba ileile. Serikali ilipotangaza kwamba utumwa umekwisha, na bibi akafariki, Bi Subira alikuja ofisini kama maskini mwengine yeyote, akapanga nyumba aliyokuwa akiifagia.

Nilikwenda kwake nikakaa barazani, nikauliza hali ya goti lake, hali ya kuku wake, hali ya ukili. Akanikatiza. "Bwana Omari, umeuliza hata kuku. Habari ni mbaya, sema."

Nikasema. Vidaka vyake, kwa maneno ya mafundi, nilivikadiria tisini na kitu. Rupia ni pesa sitini na nne, kwa hiyo kodi ingetoka nusu rupia hadi kama rupia mbili, na rupia mbili kwa mwezi hakuwa akiziona hata angesuka kwa mikono na miguu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, bila hasira, "Zidaka hizi nimezipangusa miaka ishirini na mbili, sikulipwa hata pesa moya. Leo nizilipie mimi?"

Nikainua kikombe cha kahawa aliyoniletea, nikanywa.

"Na nikitoka hapa niende wapi? Sina mtu. Watanipa kibanda Mokowe, mimi na fisi." Kisha akauliza, "Ni nani aliyempa yule Bwana maneno ya zidaka?"

"Watu wa Mombasa," nikasema, "hawajui mambo." Nikaaga upesi. Aibu niliyoisikia siku ile sijaisahau, na kahawa yake nilikuwa nimeinywa.

Basi kazi ya kuhesabu ikaanza, na hapo ndipo barua ya Mombasa ilipokutana na Amu. Vidaka viko ndani. Ndani kuna wanawake. Mwanamume asiye mahram haingii ndani, awe karani awe gavana. Nilikaa barazani mwa kila nyumba nikauliza, mgongo mlangoni, "Jamani, mna zidaka zingapi?" Nyumba ya kwanza ikajibu saba. Ya pili ikajibu saba. Ya tatu wakaniuliza, "Kwani wenzetu wamesema vingapi?" Nikapeleka barua kwamba kila nyumba ya wakfu ina vidaka saba. Ofisi ikajibu kwa maneno mafupi ambayo sitayarudia, ila yalinitaka nitafute mwanamke mwaminifu aingie ahesabu.

Mwanamke mwaminifu niliyekuwa naye ni mkwe wangu, Bi Rukia, mamake mke wangu. Alikuwa bibi wa nasaba, mwenye shingo ngumu, na alikuwa hajanisamehe kuwa karani. Lakini nilipomwambia serikali inamhitaji, niliona macho yake yanacheza. "Nitakwenda," akasema. "Lakini sipiti ndiani hivihivi kama muuza mboga. Ntapita kwa shiraa."

Mola wangu! Shiraa ni lile hema la nguo walilotembelea mabibi wakubwa wa Amu, bibi ndani, nguo imemzunguka pande zote, na miti miwili inashikwa na wajakazi wawili. "Mama," nikamwambia kwa adabu, "wajakazi wamekuwa huru."

"Basi," akasema, "wewe si upo?"

Hivyo ndivyo karani wa wakfu alivyopita Mkomani, funguo kiunoni, mti wa shiraa mkono huu, mti wa pili mkono huu, na ndani yake mkwe akitoa amri. Vichochoro vyetu punda wawili hawapishani. Tulikutana na punda mmoja aliyebeba mawe, akatutazama, akakataa kurudi nyuma. "Mwambie apishe!" akasema Bi Rukia. "Mama, ni punda." "Mwambie mimi ni nani!" Ikabidi turudi sisi, hatua kwa hatua, nami nikigonga kisogo kila kona, na watu wa barazani wamejifunika vinywa kwa kanzu zao. Mmoja alinipa hongera ya kazi mpya.

Na hesabu yake je? Bi Rukia alikuwa akiingia, anakaa ndani saa nzima, nasikia vicheko na vyombo, kisha anatoka akinukia ubani na biriani. "Vingapi, Mama?" "Kimoya." "Kimoja? Nyumba ile?" "Kidaka ni chenye chombo ndani, Omari. Kisicho na chombo ni tundu tu. Huyu maskini ana bakuli moya." Kwa hukumu hii nyumba moja ilipata vidaka viwili, nyingine kimoja, na moja haikupata hata kimoja, ingawa niliwahi kumsikia fundi akisema ina mia. Nilianza kumpenda mkwe wangu.

Ila kwa Bi Subira mambo yalikuwa mengine. Aliingia, na hapakusikika kicheko. Akatoka upesi. Nikauliza vingapi. "Nyumba ile sihesabu," akasema kutoka ndani ya shiraa. Nikauliza kwa nini. "Nimesema sihesabu. Nipeleke kwangu." Nikaacha mstari ule mtupu.

Jumla ya vidaka vya nyumba zote za wakfu za Amu ilikuwa kumi na kimoja. Nikaipeleka. Bwana Mkaguzi akaja mwenyewe kwa meli iliyofuata.

Alishuka na uso wa mtu aliyelala vibaya. Akasema atapita nyumba kwa nyumba, wanawake watahamia upande mmoja, naye ataingia ahesabu, na yule bibi aliyehesabu mwanzo awepo ili ajibu. Bi Rukia akasema atakuwepo, kwa shiraa. Asubuhi ile tukatoka: Bwana Mkaguzi mbele na kanzu yake, mimi nyuma na hema langu.

Sasa Mkomani hakuna siri inayolala. Tulipofika nyumba ya kwanza na kupiga hodi, sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, nyonge sana, "Tumo edani, Bwana."

Mnajua eda. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, haonwi na mwanamume wa kando hata kwa bahati mbaya. Bwana Mkaguzi alikuwa Mwislamu mwema. Akavua viatu vya hasira palepale. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiuna," akasema, akasoma Fatiha, akatia mkono mfukoni akaacha ubani wa rambirambi juu ya kizingiti, kama desturi. Tukaenda ya pili. Nayo imo edani. Fatiha, ubani. Ya tatu, eda. Akaninong'oneza, "Karani, kuna maradhi hapa?" Nikasema ni kudura ya Mungu. Kodi ilikuwa imeanza kutembea kinyumenyume: mtu aliyetoka Mombasa kuja kupandisha pesa alikuwa anazigawa mlango kwa mlango. Shiraa nililolishika lilikuwa linatikisika, na si kwa upepo.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Bwana Bunu, mshona makubadhi. Alikuwa amekaa barazani na ngozi zake, sindano mdomoni. Bwana Mkaguzi akapiga hodi. Mke wa Bunu akajibu, kwa kilio kizuri kuliko vyote vya asubuhi ile, kwamba yumo edani.

"Pole sana, mama," akasema Bwana Mkaguzi. "Ni nani aliyefariki?"

"Mume wangu, Bwana Bunu!"

Bwana Bunu akainua kichwa. "Lini?" akauliza.

Bwana Mkaguzi akamgeukia polepole. "Na wewe ni nani?"

"Ni Bunu," akasema, akitoa sindano mdomoni. "Lakini naona habari imenichelewa."

Nilidhani Bwana Mkaguzi atacheka. Hakucheka. Alijua amechezewa na mtaa mzima, na ubani wake umekwenda. Akaniomba daftari, akalipitia kwa kidole, akafika kwenye mstari mtupu. "Hii kwa nini haina hesabu?" Nikageuka kunyoosha nguo ya shiraa. "Twende hii. Na Wallahi, Karani, hii italipa kila kidaka mpaka cha mwisho, na ikishindwa itatoka leo hii, si baada ya miezi miwili, na iwe funzo kwa hawa wajane wako."

Katika nyumba zote, Mungu wangu, ile!

Bi Subira tulimkuta amekaa mlangoni na ukili wake. Hakutaja eda. "Mimi sina mume wa kufa, Bwana," akasema, "wala sina pa kujificha, hata paa hakuna. Ingia." Akasimama akatupisha. Tukaingia wote, hata shiraa, ambalo lilipita kwa shida, nikaliegesha pembeni. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja kutoka juu, na ukuta wa vidaka ulikuwa mweupe kama siku ulipopakwa, hauna vumbi hata chembe. Ndani ya kidaka kimoja cha chini alilala kuku.

"Hesabu," Bwana Mkaguzi akaniamrisha.

Nikanyoosha bakora. "Moja, mbili..."

"Usijisumbue, Bwana Omari," akasema Bi Subira. "Mimi nazijua kwa majina." Akachukua ufagio wake, akaelekeza kwa mpini. "Hiki ni cha kwanza. Kilikuwa cha birika, lina mdomo mrefu, ukilipangusa vibaya hupinda. Cha pili, sahani ya maua ya buluu. Cha tatu, pacha yake. Cha nne, msahafu. Hicho natawadha kwanza, ndipo nikipangusa. Cha tano hakikuwa na kitu, bibi akisema ni cha wenyewe wasioonekana, nikikiruka. Andika, Bwana. Cha sita bibi alikuwa akificha halua ili bwana asiione. Na hicho pale juu, cha kumi na nane, bwana alikuwa akificha yake."

Bwana Mkaguzi aliandika hadi cha kumi hivi. Baada ya hapo kalamu ikawa hewani tu. Bi Subira hakuwa na haraka wala hakuwa na hasira, alikuwa akitaja kama mtu anayetaja watoto wake. Chupa ya marashi. Kijiko cha fedha kilichopotea, akapekuliwa yeye mwilini, kisha kikaonekana ndani ya mto. Kioo. Mimi nilikuwa nimerudi kushika miti ya shiraa, nikaona kwamba katika kuta zile zote kisichokuwapo ni kidaka kimoja cha kuweka kitu chake yeye.

"Cha thelathini na moya," akasema, "bakuli la Kichina, la kijani. Hili lilivunjika. Nilifungiwa chumba cha kuni siku tatu, na fimbo." Akainua kitambaa begani kidogo, akakirudisha. "Alama ipo. Cha thelathini na mbili..."

"Bi Subira."

Sauti ilitoka ndani ya shiraa. Tangu nioe sikuwahi kumsikia mkwe wangu akimwita "Bi" mtu aliyekuwa mjakazi.

"Bakuli lile nilivunja mimi. Nalikuya na mamangu kuzuru, nilikuwa na miaka tisa. Nikasema ni wewe."

Niliona nguo ya shiraa inavutwa kwa ndani, kama mtu ameishika kwa vidole vyote kumi. Bi Subira aliutazama ule mtandio wa nguo kwa kitambo.

"Nayua, mwanangu," akasema. "Nalikuona." Kisha akainua mpini wa ufagio. "Cha thelathini na mbili, kikombe cha kahawa, hakina mkono."

Akaendelea mpaka tisini na sita. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza akaegemeza ufagio ukutani, akaketi, akachukua ukili wake. "Tisini na sita, Bwana. Hesabu yangu haina kosa. Sasa niambie nihame lini."

Bwana Mkaguzi alifunga daftari. Alikaa kidogo akitazama juu, pale paa lilipokuwa halipo. Ndipo akaniambia, "Karani, nusu rupia kwa nyumba hii ni nyingi." Akatoka, akavaa viatu vyake kinyume, wala hakujua mpaka alipofika pwani. Barua aliyoiandika kwa ofisi niliiona baadaye. Ilisema vidaka vya Amu si kipimo cha kodi, kwa kuwa wenyewe hawakubaliani kidaka ni nini, na kwamba kodi ya maskini ibaki vilevile, chokaa na boriti zitafutwe kwa wenye uwezo. Ndani ya bahasha alikuwa ametia rupia tano zake mwenyewe, za kuanzia mchango huo. Za ubani hakuzidai.

Njiani tukirudi sikuweza kuvumilia. Nikasema kwa nguo ya shiraa, "Mama, maneno ya zidaka niliyasema mimi. Mimi ndiye niliyempa."

"Twayua," akajibu Bi Rukia. "Mkomani nzima yayua. Ni nani mwengine ana mdomo huo?" Tulipofika karibu na kwake nikasikia analia, nami nikajitia kutazama punda.

Boriti za paa la Bi Subira zilikuja wiki ya pili, boriti nzuri, zinalia kavu. Fundi alikataa kuniambia zimelipwa na nani, nami nikakataa kuuliza. Na tangu hapo kila Alhamisi Bi Rukia alikuwa akienda kwa Bi Subira kwa miguu, amejifunika nguo zake tu. Walizungumza nini sijui. Mimi nilikuwa nikikaa barazani, mgongo mlangoni, na sikio langu si la Bwana Abudi lakini nilijifunza kulifanya zito.

Ninyi makarani vijana mtapewa barua nyingine. Zipo njiani, maana ofisi haikosi karatasi. Mkipewa, nendeni kwanza mkaketi barazani.

Bi Subira alifariki miaka michache baadaye, chini ya paa lake, na kodi ya mwezi ule ilikuwa imekwisha lipwa. Wanawake waliotoka kumwosha walisema Bi Rukia alishika kata ya maji tangu mwanzo hadi mwisho, na alipofika begani alikaa pale muda mrefu, na hakumruhusu mtu mwengine kumimina.